Nani Anajaza Ndoo?

Kama wewe ni wa Babati na Jumamosi iliyopita ulipita pale karibu na stendi ukamwona msichana amesimama mbele ya ndoo anacheka peke yake, usikimbilie kusema mji umepata kichaa mpya. Nilikuwa mimi.

Ndoo yenyewe ya bluu, lita ishirini, imetobolewa kwa chini na kufungwa koki. Ubavuni imeandikwa kwa rangi nyekundu: NAWA HAPA KABLA YA KUINGIA. Sasa wewe chungulia ndani uone. Helmeti mbili za bodaboda, kandambili ya mguu mmoja, na maganda ya muwa. Maji hakuna hata tone la kuogea sisimizi.

Nikamuuliza mwenye kibanda, kaka mmoja wa chipsi: "Kaka, hii ndoo bado inafanya kazi?"

Akanijibu bila hata kugeuka, macho kwenye karai: "Inafanya, dada. Si unaona imebeba helmeti?"

Basi bwana, nikacheka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani kile kicheko kikawa kinanigeukia, maana kwetu Maisaka na sisi tuna ndoo ya aina hiyo hiyo. Dada yangu anawekea mkaa. Na wiki hiyo hiyo nyumba yetu ilikuwa kwenye kasheshe ambalo, kusema kweli, lilitaka kututoa roho. Kasheshe la choo. Naam, choo! Kama unasoma huku unakula, weka kijiko chini kwanza, au funua ukurasa wa michezo kisha urudi baadaye.

Ila ili unielewe, lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha nne. Tarehe 16 Machi waziri wa afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, na mgonjwa mwenyewe yuko Arusha. Sasa wewe wa Dar labda ulisikia "Arusha" ukaona ni mbali. Sisi wa Babati tuliruka! Kutoka Arusha mpaka kwetu ni kilomita kama 170, na karibu kila basi linalokwenda Dodoma au Singida lazima lipite hapa, abiria washuke, wachimbe dawa, wanunue mahindi ya kuchoma, wakohoe kidogo, waondoke. Kesho yake, tarehe 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza shule zifungwe. Tukarudi nyumbani tukishangilia, watoto wajinga sisi. Tulidhani ni likizo.

Nilikuwa naishi na dada yangu, mwenye saluni, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, bomba moja uani na choo kimoja cha nje. Majina sitayataja, nitakutajia vyumba. Namba moja kijana wa bodaboda, tunamwita anko ingawa hana hata miaka thelathini. Namba mbili mzee mmoja mlinzi wa usiku na mke wake. Namba tatu sisi. Namba nne mama mmoja anayeuza samaki sokoni, perege na kambare wa ziwa letu, ana watoto wawili na mume hayupo. Namba tano mwalimu wa shule ya binafsi. Namba sita fundi cherehani.

Huyo fundi ndiye aliyetajirika kidogo, maana barakoa zilipopanda bei alianza kushona za kitenge. Ukimpelekea gauni anakushonea na barakoa ya kitambaa hicho hicho. Ilikuwa fasheni, asikwambie mtu! Jumapili unawaona akina dada wanateremka kanisani, gauni na barakoa na kilemba vyote ua moja, utafikiri sare ya harusi. Salamu za mkono zikafa, vijana wakawa wanagonga viatu. Bibi yangu alipoletewa mguu na mjukuu wake aliuliza: "Huyu ananisalimia au ananipiga teke?"

Ndoo ya nyumba yetu aliinunua mwalimu kwa pesa yake. Ila akasema wazi kwamba kununua ndoo ni kazi ya siku moja, kuijaza ni kazi ya kila siku. Akachukua karatasi akaandika zamu, akaibandika kwenye mlango wa uani. Jumatatu namba moja, Jumanne namba mbili, mpaka Jumamosi, na Jumapili akajipa mwenyewe. Sabuni kila chumba kilitoa mia tano kwa wiki, tukinunua sabuni ya mche na kuikata vipande.

Kumbuka huyo mwalimu shule yao ilikuwa imefungwa na mshahara haukuwa unaonekana. Nilikuja kujua baadaye kwamba siku nyingine alikuwa anapiga pasi ndefu, mchana hali. Lakini Jumapili ndoo ilikuwa imejaa.

Aliyekuwa anatutia hasira ni anko wa bodaboda. Jumatatu ikifika ndoo kavu! Ukimuuliza anasema: "Mimi huku nalala tu. Mikono nanawa stendi." Mzee wa namba mbili alikuwa anaamka usingizini mchana, anakokota ndoo mpaka bombani na mgongo wake ule mbovu, anaijaza, anarudi kulala. Hasemi kitu. Na ndiyo ilikuwa inauma zaidi, kuona hasemi kitu.

Haya. Mwisho wa Aprili 2020 serikali ikaacha kutoa takwimu za Bara. Juni shule zikafunguliwa, kidato cha sita na vyuo wakianza tarehe mosi, sisi wengine tarehe 29. Watu wakapumua. Karatasi ya zamu ikanyeshewa, ikachanika, hakuna aliyeandika nyingine. Kwa heri ndoo. Novemba nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Januari 2021 matokeo yakatoka, na matokeo yangu mimi na wewe hatutayazungumza leo.

Halafu ikaja ile Februari.

Wenye kumbukumbu mnaijua. Hakuna aliyekuwa anautaja ugonjwa kwa jina lake. Ukiuliza marehemu aliumwa nini unaambiwa "nimonia," au ile kauli iliyozoeleka kuliko salamu, "changamoto ya upumuaji." Tarehe 17 ya mwezi huo, siku moja tu, redio zilitangaza vifo viwili vikubwa, Maalim Seif Sharif Hamad wa Zanzibar na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Watu walisogea karibu na redio, kisha wakasogea mbali wao kwa wao. Majiko ya kujifukiza yakawaka kila uani, mji ukanuka mikaratusi na michaichai.

Na kwetu, mama wa namba nne akaanza kukohoa.

Siku ya kwanza tukasema moshi wa samaki. Siku ya tatu hakwenda sokoni. Siku ya nne nilimsikia kupitia ukutani, maana kuta zenyewe unazijua, usiku kucha anavuta pumzi kama mtu anayepandisha Mlima Kwaraa na gunia kichwani. Asubuhi watoto wake, mkubwa miaka tisa na mdogo mitano, walikaa mlangoni kimya. Hakuna aliyewakaribia. Mwenye nyumba, ambaye hakai Babati, alipopata habari alipiga simu akitaka huyo mama "atafutiwe pa kwenda." Pa kwenda wapi, na pumzi ile?

Sasa hapa nakuomba usinihukumu haraka. Njia ya kutoka uani kwetu inapita mbele ya mlango wa namba nne, hatua mbili tu. Mimi nilianza kuzunguka. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba, kwenye matope ya bafuni, nikishika ukuta, ili nisipite pale. Huyu ndiye mama aliyekuwa ananipa perege wa kukaanga nikirudi shule, ananiambia, "Kula mwanangu, ubongo unataka samaki." (Samaki wake hawana kosa kwenye yale matokeo.) Nilizunguka siku tatu. Nilijiambia kwamba hanioni.

Na unajua nani aliyeufungua ule mlango? Yule yule anko asiyejaza ndoo!

Ilikuwa saa nane za usiku. Mtoto mkubwa alitoka analia, akagonga namba moja kwa sababu ndiyo ya karibu na geti. Nikamsikia anko anaamka, anatukana giza kidogo, halafu pikipiki inawaka. Alivaa barakoa mbili, juu yake helmeti. Mama alikuwa hawezi kukaa mwenyewe, ikabidi mke wa mzee mlinzi, mama wa watu wa miaka sitini na ushee, apande nyuma amshike. Watu watatu kwenye pikipiki moja kwenda hospitali. Trafiki wakisoma hapa naomba wasamehe, ilikuwa usiku na hali ilikuwa ile.

Alilazwa siku tisa, akawekewa hewa ya oksijeni. Na asubuhi ile, sijui ilikuwaje, aibu au nini, nyumba nzima ikaamka. Mwalimu akatoa karatasi mpya. Safari hii siyo ya maji tu. Watoto kulala: namba mbili. Uji wa mgonjwa asubuhi: namba tatu. Chakula cha jioni: namba tano na sita kwa zamu. Usafiri: namba moja. Dirisha lifunguliwe, chumba kipigwe deki, shuka zifuliwe kwa maji moto. Fundi akaleta barakoa sita bila kudai senti. Ndoo ikatolewa ilikokuwa, mkaa ukamwagwa, ikaoshwa, ikajaa.

Nami nikapeleka uji. Wageni hawakuruhusiwa kuingia wodini, unaacha chupa kwa muuguzi unaondoka. Ule uji niliupika mimi mwenyewe, wa ulezi, nikautia ndimu na sukari nyingi kuliko ambayo dada angeniruhusu. Mtu ukiwa na deni unatia sukari.

Lakini kilichonishangaza kuliko yote ni sokoni. Mama aliporudi, amekonda mpaka shingo imekuwa kama ya mbuni, kitu cha kwanza alichouliza ni meza yake. Meza sokoni ukiiacha wiki mbili unaikuta na mwenyewe mwingine. Wenzake, wale akina mama anaogombana nao kila siku ya Mungu kuhusu wateja, walikuwa wameigawana kwa zamu. Kila siku mmoja anapanga samaki kidogo juu yake na kuuza kwa jina lake. Walimletea pesa kwenye kitambaa kilichofungwa fundo. Si nyingi, lakini ushuru ulikuwa umelipwa na mtaji haukuguswa. Hakuna aliyewaandikia karatasi wale. Hakuna semina.

Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua chanjo na kuchanjwa hadharani, na mama wa namba nne ni miongoni mwa waliokwenda kuchanjwa Babati mapema. Nusu ya nyumba ikamcheka. Akawaambia: "Mimi nimeshakosa pumzi, nyie hamjakosa. Chekeni."

Kwa hiyo ukiniuliza kama watu wa mjini tunajua kushikana, nitakujibu tunajua. Desemba 2023 tulionyesha tena. Alfajiri ya tarehe 3, Jumapili, matope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya themanini walikufa, na maelfu wakabaki bila chochote. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari. Katesh ni majirani zetu, njia ile ile ya Singida. Watu wa Babati walitoa mablanketi, unga, masufuria, nguo za watoto. Anko alibeba magunia bure mpaka lilipokuwa linapakiwa lori. Dada yangu alitoa lile koti lake jekundu alilonikataza kuligusa miaka mitatu. Nililia kidogo, na sijui nililia kwa ajili ya Katesh au koti.

Sasa basi, kama ni hivyo, kwa nini choo chetu kilikaa wiki tatu kimejaa?

Nakwambia kimejaa, sina maana ya kukaribia kujaa. Masika ilipoanza, maji ya mvua yakaingia shimoni, na shimo likaanza kurudisha. Ukienda usiku lazima uwe na tochi, viatu vya mvua na imani. Gari la kunyonya majitaka lilitaka laki moja na ishirini. Vyumba sita, kila kimoja elfu ishirini. Hesabu ya darasa la pili.

Mwenye nyumba akasema mkataba unasema mpangaji atatunza mazingira, kwa hiyo kunyonya ni juu yetu. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Shimo lenyewe ni fupi, lilichimbwa kwa ajili ya familia moja, halafu akajenga vyumba sita. Hilo la kuchimba shimo la kutosha ni lake na siku moja tutalizungumza vizuri, naye akiwa kwenye kiti. Lakini kinyesi kilichomo ni chetu, tumekiweka wenyewe kwa hiari. Huwezi kukaa unabishana na mkataba huku kinatembea uani.

Wakalipa namba mbili, namba tatu na namba nne. Basi! Elfu sitini. Fundi akasema subiri amalize sare za shule. Namba tano mwalimu alishahama, wamehamia vijana wawili wa mitumba, wapole, wana redio kubwa. Wao walisema: "Sisi tumekuja mwaka huu, hicho choo tumekikuta hivyo. Waliokijaza ndio wakilipie." Ukifikiri wana hoja, na wana hoja kweli. Nikajaribu kuwahadithia habari za 2021, pikipiki ya saa nane, karatasi ya zamu. Wakanisikiliza kama mtu anavyosikiliza hadithi za vita vya Kagera. Hawakuwepo. Nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba nyumba ya kupanga haina kumbukumbu. Kila mpangaji akihama anabeba godoro lake na kumbukumbu yake, na anayeingia anaanza kuhesabu upya.

Na namba moja? Anko wetu, shujaa wa oksijeni? "Mimi huku nalala tu. Choo natumia stendi."

Nilitaka kumpiga na mwiko.

Nimemfikiria sana huyu mtu. Ukimwamsha usiku mtu anakufa, atatoa pikipiki, mafuta na usingizi wake. Ukimwomba elfu ishirini ya jambo linalokuja polepole, haoni. Sidhani kama ni roho mbaya. Nafikiri wengi wetu tumeumbwa hivyo, tunaitikia king'ora. Na tena kumpa sweta mtu wa Katesh ambaye hutamwona tena, ni tamu, unajisikia mtu. Kulipia choo alichokijaza jirani anayekukera na redio yake, hapo utamu uko wapi?

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu kipindupindu, maana ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Nilikuwa darasa la sita kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015. Kikasambaa karibu mikoa yote ya Bara, kikaburuza miaka, kikaua watu zaidi ya 500. Mnakumbuka tarehe 9 Desemba mwaka ule? Hayati Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, hakuna gwaride, akasema siku iwe ya usafi, naye mwenyewe akaingia mtaani kule Feri kuokota taka. Sisi shuleni tulifagia mpaka mavumbi yakatuisha. Na miaka miwili baadaye ikaja ile kampeni ya Nyumba ni Choo, ambayo watu waliigeuza utani, ila ukikaa na shimo lililojaa unaona kwamba hawakuwa wanatania.

Ugonjwa wenyewe ni wa vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kuingia mdomoni kwa mwingine, kupitia maji, chakula au mikono. Mtu anaharisha na kutapika maji kama ya mchele, na asipopata matibabu anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kukaukiwa. Tiba ya kwanza ni rahisi ajabu, maji ya chumvi na sukari yale ya paketi, na haraka kituoni. Lakini wewe angalia njia yake. Choo chetu kikifurika, maji yanateremka kwa jirani mwenye kisima kifupi. Bomba likikatika, sote tunachota pale. Mama wa namba nne anaosha samaki. Samaki wanakwenda sokoni. Na stendi, kwa kaka wa chipsi mwenye ndoo ya helmeti, nani anakula pale kila mchana? Anko!

Na siyo Babati tu. Kule London mwaka 1854, mtaa mmoja wa Broad Street, watu zaidi ya 600 walikufa kwa kipindupindu. Daktari mmoja, John Snow, akafuatilia akaona wengi wamekunywa maji ya pampu moja, akashawishi wakubwa wa mtaa wakaing'oa mkono ile pampu. Baadaye ikaja kujulikana kwamba mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga anaharisha, akafua nepi, maji akayamwaga kwenye shimo la nyumba yake. Shimo bovu, na kisima cha pampu kiko karibu kabisa. Nepi za mtoto mmoja! Mtaa mzima! Niliwasomea vijana wa mitumba habari hiyo. Wakasema London ya zamani ilikuwa chafu. Nikawaambia njooni uani muone ya sasa.

Jumanne jioni mama wa namba nne alikuja kukaa nami kwenye kizingiti. Nilikuwa nachambua mchele wa Magugu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamefika wangapi?"

"Elfu themanini. Fundi ametoa leo."

Akanyamaza, akachukua mchele kidogo akaanza kuchambua na yeye. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya nyanya: "Nilikuwa nakuona, unajua. Dirishani. Ukizunguka kule nyuma kwenye matope."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini pale ardhi ikipasuka unajua utaangukia wapi.

"Mama, nisamehe. Niliogopa."

"Ningekuwa mimi ningezunguka pia. Ningepita hata juu ya bati." Akacheka, akakohoa kidogo, kikohozi cha kawaida. "Lakini uji wako ulikuwa na sukari nyingi mpaka muuguzi akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna kiwanda." Kisha akaniambia habari ambayo sikuijua. Aliporudi hospitali alikwenda namba moja kumshukuru anko, akamkuta analia. Anko mama yake mzazi alifia kijijini Februari ile ile, na hakukuwa na wa kumpeleka hospitali. "Yule ukimwambia choo hasikii," alisema. "Mwambie mtu anaumwa."

Sikulazimika kumwambia. Usiku wa kuamkia Jumatano mmoja wa vijana wa mitumba alishikwa na tumbo. Siyo kipindupindu, tulimpeleka kituoni akapimwa, ni tumbo la kawaida la mishikaki ya barabarani. Lakini alikwenda kile choo mara saba kabla ya alfajiri, bila viatu vya mvua. Na aliyempeleka kituoni unamjua, alikuwa amewasha pikipiki kabla hatujamaliza sentensi. Asubuhi namba tano wakalipa elfu ishirini bila kuulizwa, hata redio haikuwashwa. Anko akatoa elfu kumi. Nikamwambia bado kumi. Akasema, "Dada, mafuta nimeweka ya nani?" Nikakosa jibu. Kumi iliyobaki mama akaimalizia na pesa ya perege.

Gari likaja Alhamisi. Kichochoro chetu ni chembamba, dereva akagoma kuingia. Anko ndiye aliyesimama mbele na mikono juu, anapiga kelele, "Njoo! Njoo! Kata kulia! Lala, lala!" kama yuko bandarini. Mtaa mzima ukaziba pua na kutoka kuangalia. Watoto walishangilia utafikiri Simba na Yanga.

Nikaenda kumwaga mkaa wa dada, nikaisugua ile ndoo kwa mchanga, koki bado inafunguka. Nimeiweka kwenye kigingi nje ya mlango wa choo. Karatasi ya zamu nimeiandika mwenyewe safari hii, mwandiko mbaya lakini unasomeka, na chini yake namba ya mwalimu, maana alinipigia kuuliza hali zetu nikamhadithia, akacheka mpaka simu ikakata salio. Jumatatu nimemwekea anko kama zamani. Nimeandika na chini kabisa kwamba mpangaji mpya akihamia anaanza zamu wiki ile ile, na anasimuliwa.

Jumatatu ndoo ilikuwa nusu. Nusu! Mzee wa namba mbili aliitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa akaenda kulala.

Leo ninapoandika haya ni Jumatano, zamu ya namba tatu, na dada yuko saluni. Ngoja niende bombani kabla maji hayajakatika.